Kijiko cha Pili

Harufu ilinikuta nikiwa nimeinama, nachambua vitunguu sokoni Singida mjini. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kwa sasa; mwezi ujao pengine nitakuwa mahali pengine nafanya nyingine. Msichana mmoja alikuja katikati yetu na kikapu cha chupa ndogo za rangi ya kahawia, akachutama kama mtu aliyefika kwao.

"Dada zangu, mafuta asilia haya. Mkaratusi huu, mchaichai huu, karafuu hii. Matone kumi kwenye glasi ya maji kila asubuhi, tumbo linasafika, kifua kinafunguka. Majani matupu, hayana kemikali, hayana madhara."

Akafungua moja ili tunuse. Mikono yangu ikasimama juu ya gunia.

"Umeanza lini kulizwa na vitunguu, wewe?" mwenzangu akaniuliza.

Nilimuuliza msichana kama amewahi kumpa mtoto mafuta yale. Akasema mwanawe humpaka kifuani. Nikamwambia kupaka nimesikia, nauliza kunywa. Nani amemwambia matone kumi? Kwa mtu wa umri gani? Mtoto akiyafikia ndani ya kikapu akanywa chupa nzima, atafanya nini? Nikaichukua chupa ile nikaigeuza kutafuta maandishi. Kulikuwa na picha ya jani tu.

"Dada, kama unanunua nunua. Hayo mahojiano ni ya redioni."

"Mzoee huyo," mwenzangu akasema. "Huyo hata mbuzi anamhoji kabla ya kumla."

Wakacheka wote, na msichana naye akacheka, akafunga kikapu chake akahamia kwa wauza nyanya. Nilimfuata. Nilimwambia asimwambie mtu yeyote anywe, hasa mwenye mtoto mdogo. Aliniangalia kwa adabu, kama tunavyowaangalia watu wanaoongea peke yao njiani. Nikarudi kwenye gunia langu, lakini siku ile sikufanya kazi tena ya maana. Nilikuwa Shelui, nina miaka kumi, na mdogo wangu Yona alikuwa anakohoa chini ya meza.

Mama aliuza mafuta ya alizeti pale malori yanaposimama kupumzika, kwenye barabara iendayo Nzega. Meza yake ilikuwa mbao mbili juu ya mawe. Juu yake chupa za maji zilizojazwa upya, madumu nyuma yake, na jua la mchana likipita ndani ya mafuta hadi kivuli cha meza kikawa na madoa ya njano. Meza kama ile zilikuwa nyingi, lakini madereva walimtafuta Mama, kwa sababu Mama aliweza kuonja.

Kuonja ilikuwa kazi yenyewe. Kwenye mashine za kukamua kulikuwa na watu waliochanganya mafuta mapya na ya mwaka jana, au na mafuta mengine ya bei rahisi, na kwa macho huwezi kujua. Mama alimimina kiasi cha kifuniko cha chupa, akakitia mdomoni, akafumba macho, akazungusha mafuta taratibu nyuma ya meno, kisha akameza. Hakutema kamwe. Alinifundisha na mimi, tukisimama kwenye vumbi la mashudu, watu wa mashine wakimsubiri kwa wasiwasi. Nikitema, aliniongezea kifuniko kingine.

"Uliyoyatema hujayaonja," alisema. "Anza tena."

Nilianza tena. Nilipenda kazi ile kuliko shule.

Nyumbani mafuta yalikuwa chakula na yalikuwa dawa. Aliyebanwa na kikohozi alipewa kijiko cha alizeti kilichopashwa moto. Aliyekosa choo, kijiko. Mama alipomzaa Yona, bibi alimtilia mafuta kwenye uji asubuhi na jioni, na sote tuliamini ndiyo yaliyomnenepesha mtoto. Ungeenda nyumba yoyote ya jirani ungekuta hivyo hivyo. Tulikuwa tumesikia sumu ya panya, sumu ya kunyunyizia pamba, mihogo michungu. Hatukuwahi kusikia mafuta yanayoua.

Yona alikuwa hajafikisha miaka minne. Alikuwa mtoto wa kunifuata. Nikienda kisimani, yupo. Nikienda chooni, anasimama nje anaimba ili nijue hajaondoka. Kikohozi kilimpata wakati wa baridi, ule upepo wa Juni unaokausha midomo. Alizeti ya kupashwa moto haikumsaidia. Akawa anakohoa hadi anajikunja.

Dereva mmoja wa lori la mbao alikuwa na mazoea ya kununua kwa Mama kila akipita kwenda Mwanza. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alimsikia Yona chini ya meza, akaenda kwenye lori akarudi na chupa ndogo.

"Mpe huyu bwana mdogo zawadi. Huko kwenye misitu wanapika majani ya mkaratusi wanakamua hii."

"Mkaratusi?" Mama akashangaa. "Mbona upo mmoja nyuma ya choo changu?"

"Basi una hospitali nyuma ya choo na hujui, mama."

Wakacheka. Akamweleza: matone matatu kwenye maji ya moto, mtoto afunikwe blanketi, avute mvuke. Lakini Mama alikuwa ameshafungua kifuniko. Alitia tone kwenye ncha ya kidole akalipeleka ulimini kabla dereva hajamaliza.

"Mama, hayo si ya kuonja!"

"Hakuna mafuta nisiyoyaonja mimi." Macho yalimtoka machozi, akakohoa, akapiga meza kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya furaha, "Hayajachanganywa na kitu, haya!"

Hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizoweza kuyapa mafuta. Dereva akatikisa kichwa, akapanda lori lake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Niliyasikia maneno yake yote, na nikaelewa kwamba anamtania, kama madereva wote walivyozoea kumtania Mama.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Mama alichemsha maji akatia matone yale matatu. Alifanya alivyoambiwa. Hili napenda lijulikane. Alimkalisha Yona kwenye kigoda, akaleta blanketi, na Yona alipoona blanketi akaanza kupiga kelele. Mwaka uliopita alifukizwa homa akaiangukia sufuria ya maji ya moto, na mkono wake ulikuwa bado na kovu. Alipiga teke. Maji yakamwagika, mvuke ukajaa jikoni, Mama akaruka nyuma akishika mguu wake ulioungua kidogo.

Nikasema, "Mama, si anywe tu? Kama ya alizeti."

Nimelirudia neno hilo kila mahali nilipowahi kulala. Nimelirudia Itigi nikisaidia watu wa asali, nimelirudia Manyoni nikisikiliza treni, nimelirudia Mtinko nikiwapikia mafundi wa kujenga nyumba. Lilikuwa ni wazo la mtoto anayetaka kusaidia. Mama aliiangalia chupa. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaonja jana na alikuwa amesimama pale mzima. Ndivyo nilivyowaza, na nadhani ndivyo alivyowaza yeye. Akachukua kijiko cha chai.

Yona alikunywa kwa sababu alikuwa ameepuka blanketi. Mafuta yalipomfika kooni akakohoa kwa nguvu, karibu nusu ikamrukia kifuani kwenye shati. Akalia kwamba mdomo unawaka. Mama akamlambisha sukari.

"Imetosha," Mama akasema. "Hiyo iliyoingia imetosha."

Honi zikapigwa barabarani. Malori matatu yalikuwa yamesimama kwa pamoja. Mama akajifunga kanga akaenda mbio, na akiwa mlangoni akaniambia, "Mwangalie mdogo wako."

Nilimwangalia. Niliangalia shati lake lililolowa. Mama alisema imetosha, lakini Mama huyohuyo ndiye aliyenifundisha kwamba kilichotemwa ni kama hakikutokea. Niliwaza kwamba alikuwa na haraka, na kwamba angekuwa na nafasi angeanza tena. Nikamimina kijiko, kikajaa hadi ukingoni. Nilikuwa nimezoea kupima mafuta.

"Dada, inawasha."

"Ndiyo inafanya kazi. Meza yote. Haya, nionyeshe."

Akameza. Akafungua mdomo wake mpana kadiri alivyoweza, akainua ulimi, ili nione kwamba hakuna kilichobaki.

Nilimsifu. Nilimpa sukari nyingine.

Kilichofuata nilikiona chote, na chote nilikisoma vibaya. Alisimama akatembea akiyumba, akaugusa ukuta kwa bega, na mimi nikacheka kwa sababu alionekana kama baba yetu alivyokuwa akirudi kutoka machimboni akiwa amepitia kilabuni. Yona aliponiona nacheka akacheka na yeye, akayumba zaidi makusudi, au nilidhani ni makusudi. Kisha akalala kizingitini, nusu ndani nusu nje. Alikuwa hajalala mchana kwa siku nyingi kwa ajili ya kikohozi. Nilimvuta ndani nikamfunika. Pumzi yake ilinuka mkaratusi, hata ngozi ya shingo yake ilinuka hivyo, na nilimwinamia nikavuta harufu ile kwa furaha, nikiamini dawa imefika kila mahali. Kikohozi kilikuwa kimenyamaza. Nilisikia fahari. Nikaenda kuosha vyombo.

Niliporudi miguu yake ilikuwa inarukaruka. Nikadhani anaota anafukuza kuku. Halafu nikaona macho. Yalikuwa wazi na hayakuwa na mtu.

Nilikimbia barabarani. Mama aliacha chupa ikimwagika. Jirani yetu Mama Neema, ambaye meza yake ilikuwa pembeni mwa yetu, alikuja nyuma yake, na alipomwona Yona akapaza sauti, "Maziwa! Leteni maziwa, yanakata sumu!" Mtetemeko ulikuwa umekwisha, mtoto amelegea. Wakamwinua kichwa wakamnywesha kikombe cha maziwa. Mwanamke mwingine akasema atapishwe, akamtia kidole kooni. Maziwa yakarudi, lakini si yote yalitoka nje. Baada ya hapo pumzi yake ilikuwa na sauti ya maji, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Mama alikuwa ameacha Kiswahili, alikuwa anamwita kwa Kinyiramba, lugha aliyoitumia akiogopa.

Jirani mwenye pikipiki aliwachukua hadi kwenye zahanati. Mimi nilikimbia kwa miguu nyuma yao. Nilifika wakati nesi anamweka Yona kitandani, na nakumbuka alivyoinua uso kabla hajaambiwa lolote.

"Mmempa nini huyu? Chumba kizima kinanuka mkaratusi."

"Kijiko, nesi. Kijiko kimoja cha chai," Mama akasema. "Na nusu yake aliitema."

"Una hakika? Nusu?"

"Nimempa kwa mkono wangu."

Nesi alikuwa anamsikiliza kifua. Yona alikuwa amefumbua jicho moja, akamwona Mama. Nesi akasema, "Kama ni nusu kijiko, tumwangalie kwanza. Akizidi nitaita gari la kumpeleka mjini." Kisha akanigeukia, kwa sababu ndivyo nesi mzuri anavyofanya, huuliza kila aliyepo. "Na wewe, mwanangu, kuna kitu kingine alikunywa?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, na kulikuwa na ufa uliokwenda hadi mguu wa kitanda. Nilijua jibu. Niliogopa kupigwa, basi, hicho tu. Si kitu kikubwa zaidi. Mama akasema, "Huyu alikuwa anaosha vyombo," na nesi akageuka.

Alizidi. Gari liliitwa, likachukua muda kama magari yanavyochukua. Wakaondoka naye jua likiwa bado juu, na wakarudi naye kabla halijazama, kwa sababu hawakufika hata Misigiri, njiani kwenda mjini.

Baba alikuja kutoka machimboni kwa ajili ya mazishi. Mbele ya watu wote waliokaa kwenye mkeka alimwambia Mama, "Ulimi wako umemla mwanangu." Mama hakujitetea. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, "Nilimpa mimi." Baba alirudi machimboni na hakuja tena. Wanunuzi waliendelea kusimama kwa muda, ila wakaanza kuchagua meza ya Mama Neema. Na Mama hakuweza kuonja tena. Nilimwona kwenye mashine akiinua kifuniko, mdomo ukakataa kufunguka, akakirudisha. Watu wa mashine walitazama pembeni. Msimu uliofuata mbao zetu mbili zilikuwa zinatumika kuziba banda la mbuzi la mtu mwingine.

Shule niliacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Siku moja nilipita mbele ya lango nikaendelea kutembea, na sijui kama nimewahi kusimama.

Popote nilipokaa nimeuliza. Wauguzi, wauza dawa, wanafunzi wa udaktari niliokaa nao kwenye basi. Manyoni kulikuwa na mfamasia mmoja mvumilivu, ndiye aliyenieleza vizuri kuliko wote. Alisema tunaita vyote mafuta, lakini ya alizeti ni chakula kilichokuwa ndani ya mbegu, na ile chupa ndogo ni gunia zima la majani lililofinywa kwenye matone. Alisema kwa mtoto mdogo kijiko cha chai kinatosha kumzimisha, tena haraka, anaanza kwa kuyumba na kusinzia. Alisema mtoto aliyemeza hatakiwi kutapishwa wala kunyweshwa maziwa, maana yakiingia kwenye mapafu ni balaa lingine. Anatakiwa kukimbizwa hospitali pamoja na chupa yake, na aliye naye aseme kiasi cha kweli.

"Na nusu kijiko?" nikamuuliza. "Mtoto wa miaka mitatu na kitu, nusu kijiko tu. Anakufa?"

"Wengine wanaumwa sana. Wengi wanapona."

"Na kijiko na nusu?"

Aliacha alichokuwa anakifanya. "Huyo mtoto yuko wapi?"

"Amekufa."

"Basi hakuna anayeweza kukuambia, dada yangu," akasema. "Hata mimi."

Nilikuwa nimeuliza nikitaka nihukumiwe, au niachiwe. Nilitoka pale na mfuko wa dawa za kichwa ambazo sikuzihitaji.

Siku ile ya msichana wa kikapu nilinawa mikono nikaenda Mwankoko, ambako Mama anaishi kwa mdogo wake. Si mbali na soko. Nimekaa mjini miezi minne na nilikuwa nimekwenda mara moja. Nilimkuta uani peke yake, anapepeta choroko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema.

"Mama, Yona nilimwongeza."

Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Ulipokwenda barabarani. Nilimpa kijiko kingine, kizima. Alimeza chote. Nesi alipouliza nilinyamaza. Ungejua, nesi angejua, gari lingeitwa mapema."

"Hukumpa," Mama akasema.

"Nilimpa. Alinionyesha mdomo."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto anaota kitu, akiamka anadhani amekifanya."

"Mama, sikuota."

Akaweka ungo chini. Amezeeka uso, lakini akikutazama ni yuleyule aliyesimama kwenye mashine watu wazima wakimsubiri.

"Nina mtoto mmoja kaburini," akasema. "Nilimweka mimi, kila mtu anajua. Nimembeba miaka yote hii, nimemzoea, najua pa kumshikia. Sasa wewe unakuja kunipa mwingine, aliyemuua. Nimbebe na nini? Sina mikono hiyo. Hukumpa."

Nilitaka kusema. Kuku walikuwa wanadonoa choroko zilizodondoka miguuni pake na yeye hakuwafukuza.

"Sema," akaniambia.

"Nini, Mama?"

"Sema hukumpa."

Katika maisha yangu yote sijawahi kudanganya juu ya Yona. Nilinyamaza tu, na hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nikijitetea nacho peke yangu.

"Sikumpa," nikasema.

"Tena."

"Sikumpa, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akauinua ungo. Kisha akaniuliza kama nitakula kabla sijaondoka.